Nguvu za Wazee Huenda Wapi?

Katika gazeti letu tumezoea kusoma habari za mpira, za mitihani na za safari. Leo naomba ruhusa yenu niandike juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu ameliona nyumbani kwao, lakini ni wachache waliouliza sababu yake. Jambo lenyewe ni hili: Kwa nini mtu aliyekuwa na nguvu kama fahali katika ujana wake hushindwa kuinuka juu ya kigoda akifika miaka themanini? Nguvu zake zimekwenda wapi? Tena, je, zikisha kwenda haziwezi kurudi?

Sikuanza kuuliza maswali hayo darasani. Nilianza nyumbani, kwa sababu ya babu yangu mzaa baba, ambaye sisi wajukuu humwita Sogokuru.

Babu alikuwa mvuvi wa sambaza katika ziwa Kivu. Ninyi mliosoma hapa Gisenyi mnaijua kazi hiyo. Jioni mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu huondoka pwani, wavuvi wakipiga makasia na kuimba, na usiku kucha taa zao huonekana juu ya maji. Alfajiri hurudi. Hao sambaza wenyewe ni wageni kwetu, maana waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, nao sasa ndio kitoweo cha watu wengi wa pande hizi. Babu alifanya kazi hiyo miaka mingi. Hata alipoacha kuvua, alikwenda ziwani kwa miguu kila asubuhi, akajichotea maji yake, akalima viazi vyake.

Mapema mwaka 2021 alishikwa na kichomi. Alilala hospitalini siku nyingi, na aliporudi nyumbani aliendelea kulala. Sote tulimhurumia. Kila alipotaka kusimama tulimwambia, "Kaa, Babu, usijisumbue. Unataka nini? Tutakuletea." Mimi ndiye niliyemnyang'anya ndoo yake ya maji, nikijiona mjukuu mwema kabisa. Kichomi kilipona, lakini miguu haikurudi.

Halafu ukaja usiku wa tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipolipuka. Mbingu yote upande wa Goma ilikuwa nyekundu, na maelfu ya watu walivuka mpaka kuja kwetu, wengi wao kwa miguu, wamebeba watoto na magodoro. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mara nyingi hapa Rubavu. Nyumba zilipasuka kuta, na watu wakalala nje. Ardhi ilipotetemeka sisi tulikimbia, lakini Babu hakuweza. Baba mdogo alimbeba mgongoni, nami nikachukua kigoda chake. Baadaye Baba mdogo alituambia ya kuwa Babu alikuwa mwepesi kama mtoto. Babu mwenyewe aliona haya sana. Alisema neno moja tu: "Niliwavusha watu katika mawimbi, na leo nabebwa kama mzigo wa kuni."

Neno hilo halikunitoka moyoni. Nilipoanza kusoma elimu ya viumbe nikatafuta maana yake, na haya ndiyo niliyoyapata.

Mwili wa binadamu una misuli zaidi ya 600. Misuli hiyo ndiyo nyama inayotuwezesha kusimama, kutembea, kutafuna na hata kupumua. Kwa kijana mwenye afya, karibu theluthi moja au zaidi ya uzito wake wote ni misuli. Wengi wetu hudhani kwamba msuli ukisha jengwa umejengwa, kama ukuta wa mawe. Sivyo. Msuli hufanana zaidi na nyumba ya udongo: kila siku mvua huumomonyoa kidogo, na kila siku mwenye nyumba hukandika tena. Kukandika kukizidi mmomonyoko, msuli hukua. Vikiwa sawa, hukaa vilevile. Mmomonyoko ukizidi, hupungua.

Wataalamu wanasema ya kuwa tangu mtu apate miaka thelathini hivi, misuli yake huanza kupungua kwa kadiri ya asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na baada ya miaka sitini hupungua kwa haraka zaidi. Nguvu nazo hupungua upesi kuliko nyama yenyewe. Mwaka 1989 mtaalamu mmoja wa Marekani, Irwin Rosenberg, alipendekeza jambo hili lipewe jina, kwa sababu aliona kwamba kitu kisicho na jina hakuna anayekishughulikia. Akalitunga kwa maneno mawili ya Kiyunani, moja maana yake nyama na jingine maana yake upungufu. Likawa sarkopenia. Mwaka 2016 ugonjwa huo uliandikwa rasmi katika orodha ya maradhi inayotumiwa na madaktari wa Marekani.

Sasa, ni nini kinachoipunguza misuli ya mzee? Sababu ni nyingi, lakini nitaeleza nne.

Ya kwanza ni mishipa ya fahamu. Kila uzi wa msuli hungoja amri, na amri huletwa na mshipa wa fahamu utokao katika uti wa mgongo. Mtu akizeeka, baadhi ya mishipa hiyo hufa. Nyuzi zilizokuwa chini yake hubaki kama kundi la vibarua wasio na msimamizi. Baadhi huchukuliwa na mishipa ya jirani, na zisizochukuliwa hunyauka. Zinazopotea zaidi ni zile nyuzi za haraka, yaani zile zinazotusaidia kuruka au kujishika tunapojikwaa. Ndiyo maana mzee anaweza kutembea polepole mwendo mrefu bila taabu, lakini akijikwaa kwenye jiwe dogo huanguka kabla mguu wake haujawahi kumwokoa.

Ya pili ni chakula. Udongo wa kukandikia msuli ni protini, nayo hupatikana katika maharagwe, samaki, maziwa, mayai na nyama. Mwili wa kijana ukipata protini kidogo tu huanza kazi mara moja. Mwili wa mzee ni mzito wa kusikia, nao huhitaji kuitwa kwa sauti kubwa zaidi. Lakini sisi twafanya nini? Twamwona mzee hana meno, hana hamu ya kula, nasi twampa chai ya sukari na kiazi kitamu. Tumbo limejaa, lakini msuli haukupata kitu.

Ya tatu ni ugonjwa. Mtu akiwa na homa kali hali vizuri, na mwili hauna ghala jingine la protini isipokuwa misuli. Basi huichukua humo ili kupigana na ugonjwa. Kijana akipona hurudishiwa deni lake upesi. Mzee hurudishiwa polepole, au harudishiwi kamwe.

Ya nne, nayo ndiyo iliyonichoma, ni kulala na kukaa. Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani walitangaza habari za wazee wachache wenye afya njema waliokubali kukaa kitandani siku 10 tu. Hawakuwa na ugonjwa wowote, na walikula vizuri. Hata hivyo, katika siku hizo kumi kila mmoja, kwa wastani, alipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Kiasi hicho kilizidi kile kilichopotea kwa vijana waliokaa kitandani siku 28. Niliposoma hayo niliweka kitabu chini. Babu yangu alilala wiki ngapi? Na baada ya kupona, ni nani aliyemkalisha? Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Ugonjwa ulichukua sehemu, lakini sehemu nyingine tuliichukua sisi kwa huruma yetu.

Labda msomaji atasema, "Hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani. Wazee wetu ni wakulima, wana nguvu." Ni kweli kwamba kazi ya shamba huilinda misuli. Lakini jambo hili limepimwa hata kwa watu wetu wenyewe. Baada ya mwaka 1994, Wanyarwanda wengi walikuwa wakimbizi wilayani Karagwe, nchini Tanzania. Huko kambini wataalamu walipima wazee zaidi ya 800, wenye umri wa miaka 50 na kuendelea. Waliwapima uzito na kimo, kisha wakawapa kifaa cha kukaza kwa kiganja ili kujua nguvu ya mkono. Taarifa yao ilitolewa mwaka 2002 na Pieterse, Manandhar na Ismail. Waliona kwamba wale waliokonda walikuwa na mkono dhaifu zaidi, hata walipolinganishwa na wenzao wa umri na kimo kilekile. Maana yake ni hii: si miaka peke yake inayomdhoofisha mzee. Njaa nayo ina sehemu yake, na njaa si lazima kama miaka.

Tena tusidhani kwamba nguvu ya mkono ni jambo dogo. Mwaka 2015 ilitolewa taarifa ya watu karibu 140,000 wa nchi 17, na humo ilionekana kwamba kila nguvu ya mkono ilivyopungua kwa kilo 5, hatari ya kufa ilizidi kwa asilimia 16. Mkono wenyewe hauui mtu. Lakini mkono ni kama dirisha: ukichungulia hapo unaona hali ya mwili mzima.

Kuna sababu nyingine ya sisi Wanyarwanda kulifikiri jambo hili sasa. Sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba mtoto aliyezaliwa nchini mwetu alitazamiwa kuishi miaka 51. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha miaka 64 na nusu, na ile ya mwaka 2022 karibu miaka 70. Hii ni furaha kubwa. Lakini tumeongezewa miaka. Je, tutakuwa na miguu ya kuitumia?

Sasa nafika kwenye habari njema. Zamani hata madaktari wengi walidhani kwamba misuli ya mzee haiwezi kukua tena. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake, mjini Boston katika Marekani, walijaribu jambo ambalo watu wengi wangeliita wazimu. Waliwachukua wazee 10 wa nyumba ya kutunzia wazee, wastani wa umri wao miaka 90, wakawapa vyuma vizito vya kuinua kwa miguu mara tatu kila wiki, kwa muda wa wiki 8. Mmoja aliacha, na 9 walimaliza. Nguvu za mapaja yao ziliongezeka, kwa wastani, kwa asilimia 174, yaani zilikaribia kuwa mara tatu ya zile za mwanzo. Misuli ya mapaja ilinenepa kwa asilimia 9. Wawili kati yao waliacha kutumia mikongojo. Wazee wa miaka tisini, katika miezi miwili!

Basi dawa ipo, wala haiuzwi dukani. Mpaka leo hakuna kidonge kilichokubaliwa kuwa dawa ya sarkopenia. Dawa yake ni kazi na chakula. Nitaandika kwa hesabu ili kila mtu aweze kuyashika na kuwaeleza wa nyumbani.

1. Pima kwanza. Mwombe mzee aketi juu ya kiti, akunje mikono kifuani, kisha asimame na kuketi mara tano bila kujishika. Simama karibu naye asije akaanguka. Akipita nukta 15, au asipoweza, ni dalili kwamba misuli ya miguu imedhoofika.

2. Mpeleke kwenye kituo cha afya. Si kila udhaifu ni wa uzee. Kukonda upesi kwaweza kuwa kifua kikuu, au ugonjwa wa sukari, au maradhi mengine yenye dawa zake. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo asianze mazoezi wala kuongeza protini kabla ya kuuliza huko.

3. Afanye kazi ya kushindana na uzito, angalau mara mbili kwa wiki. Kutembea ni kuzuri, lakini hakutoshi peke yake. Aketi na kusimama mara kumi, apumzike, arudie. Akizoea, ashike debe dogo la maji. Akishikilia ukuta, ainuke juu ya vidole vya miguu. Kazi iwe nzito kidogo kila inapozoeleka, maana msuli usiosumbuliwa haujengwi. Kwa wenye miaka 65 na zaidi, Shirika la Afya Duniani linashauri pia mazoezi ya kujizuia wasianguke, siku tatu au zaidi kwa wiki.

4. Ale protini katika kila mlo. Wataalamu wanashauri mzee apate gramu 1 au zaidi kidogo kwa kila kilo ya uzito wake. Mzee wa kilo 50 anahitaji basi gramu 50 hadi 60 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, bilauri ya maziwa gramu 8, na gramu 100 za maharagwe yaliyopikwa gramu 8 au 9. Kwa mzee asiye na meno, maharagwe yapondwe, na sambaza wakavu watwangwe, watiwe katika mchuzi. Jumba lenye ng'ombe wa mpango wa Girinka, ulioanza mwaka 2006, lisiuze maziwa yote na kumsahau mzee.

Jambo la mwisho ni juu ya namna ya kupumzika. Wahadzabe wanaokaa karibu na ziwa Eyasi, huko Tanzania, walipimwa na wataalamu waliotoa taarifa yao mwaka 2020. Ilionekana kwamba hata wao hupumzika karibu saa kumi kila siku, nje ya usingizi wa usiku. Lakini mara nyingi hawakai juu ya viti. Huchuchumaa au hupiga magoti, na kwa hiyo misuli ya miguu huendelea kufanya kazi kidogo. Kumbe hata mapumziko yana namna mbili. Kiti chenye mito ni heshima nzuri kwa mgeni, lakini mtu akikalia heshima hiyo tangu asubuhi hata jioni, itamla miguu.

Vilevile sheria ya umuganda huwataka watu wa miaka 18 hadi 65 kufanya kazi Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Waliozidi hapo hawalazimishwi, na hiyo ni haki. Lakini kutomlazimisha mtu si kumkataza. Mzee akitaka kuja kupalilia kidogo pamoja na vijana, tusimfukuze kwa kumwambia akapumzike. Pengine hiyo ndiyo dawa yake ya mwezi.

Nanyi wanafunzi wa zamani mnaosoma gazeti hili, mliokwisha kupata vyeo na magari na viti vya kuzunguka, msidhani kwamba habari hii ni ya baba zenu tu. Wengi wenu mmepita miaka thelathini, na mmomonyoko umekwisha anza kwa kimyakimya. Ghala la misuli hujazwa mapema, na anayeingia uzeeni na akiba kubwa huchelewa kufilisika. Haba na haba hujaza kibaba.

Na Babu je? Nilipomweleza mambo haya alicheka sana. Akasema, "Kumbe mmeniangusha ninyi wenyewe!" Tukaanza kwa kigoda kilekile nilichokibeba siku zile za matetemeko. Mara ya kwanza hakuweza kuinuka hata mara moja bila mkono wangu. Tuliweka mto juu ya kigoda ili kiwe kirefu zaidi, akaweza mara mbili. Baada ya majuma kadhaa tuliondoa mto. Mama alimpikia maharagwe kila siku, hata akalalamika. Nilipokuwa shuleni, dada yangu ndiye aliyemsimamia. Likizo iliyopita nilimpima: aliinuka mara tano kwa nukta 18. Bado hajafikia 15, naye hapendi kukumbushwa.

Lakini asubuhi huenda mwenyewe hadi ukingoni mwa ziwa kungoja mitumbwi irudi. Kwa kijana ni mwendo wa dakika kumi. Yeye hutumia karibu saa nzima. Mimi humfuata nyuma, na mkono wangu nauweka mfukoni, maana nikimshika hukasirika.

Basi, ndugu zangu, tutakapofunga shule na kurudi nyumbani, tusiwaambie wazee wetu, "Kaa, usijisumbue." Tuwaambie, "Inuka, Babu, twende pamoja."